Kucheza Mpira Huku Nikimsikiliza Bibi

Mwaka ule mpira ulianza kunipita. Sisemi kwamba tulianza kufungwa. Kufungwa tulikuzoea, maana timu yetu ya vijana pale Kisondela haikuwa tishio kwa mtu. Nasema mpira wenyewe. Ulikuwa unakuja kwangu kama ulivyokuja siku zote, nami naunyooshea mguu, na mguu unafika pale mpira ulipokuwa, si pale ulipo.

Mara ya kwanza ilikuwa Mpuguso, kwenye uwanja ulioinama upande mmoja, manyunyu yakianguka. Beki wetu wa kushoto, ambaye pia tulisoma darasa moja, alinipa pasi ya kawaida kabisa. Niliiona ikija. Ikapita katikati ya miguu yangu, ikamkuta mtu wa Mpuguso, na kabla sijageuka vizuri nikasikia watu wa kule wakishangilia goli.

Beki akafungua mikono. "Mwanangu, umelala?"

"Uwanja unateleza," nikasema.

Ulikuwa unateleza kweli. Lakini viwanja vyote vya Rungwe huteleza karibu mwaka mzima, na mimi nilikulia humo humo kwenye utelezi.

Nilikuwa kidato cha tatu, nikicheza namba nane. Sikuwa na mwili mkubwa, wala sikuwa na shuti la kutisha mtu. Kilichonifanya nipangwe kila mechi ni kwamba nilikuwa naona. Kabla mpira haujanifikia nilikuwa nimeshageuza shingo huku na huku, nikajua nani yuko peke yake na nani anakuja mgongoni. Nikiupokea, kazi ilikuwa imebaki ya mguu tu. Kocha alipenda kuwaambia watu kwamba mtoto huyu ana macho kisogoni.

Kocha alikuwa fundi wa kuchomelea mjini Tukuyu. Babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa, akaoa, akabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa pale pale mjini na Kinyakyusa alikiongea kutushinda sisi vijana. Alikuja kwetu mara ya kwanza kuweka madirisha ya shule ya msingi, akatukuta tunakimbizana na mpira bila mpangilio, akasimama kutazama na miwani yake ya kazi kichwani. Tangu hapo, akishaswali alasiri, alipanda pikipiki yake akateremka kuja kutufundisha. Hakuna aliyemwomba.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama, na bibi mzaa baba. Baba alikwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu nikiwa mdogo, akapata mke mwingine kule, na habari zake zikawa za kusikia. Mama angeweza kurudi kwao. Hakurudi. Alibaki kumtunza mama wa mume aliyemwacha, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo kama wema. Alfajiri alikwenda kuchuma chai, jioni alirudi na vidole vyeusi kwa utomvu, akaingia jikoni.

Ugonjwa wa bibi ulianzia kwenye majina. Siku moja nilimsalimia natoka shule, akaniitikia kwa jina la kaka yake, aliyekufa hata baba hajazaliwa. Nikacheka, naye akacheka. Baada ya muda haikuchekesha tena. Kiswahili, ambacho alijifunza ukubwani, kilimtoka chote, akabaki na Kinyakyusa peke yake. Kisha akaanza kutoka. Alifunga kanga yake kama kifurushi, ndani ameweka kikombe au gunzi la hindi, akasema anakwenda kwao Lupepo, mama yake anamsubiri apeleke maziwa. Ukimzuia alilia kama mtoto. Usipomzuia alikwenda kweli, na kwa mwendo ambao usingeutegemea kwa mtu wa umri ule.

Mama alikataa watu wajue. Ningekuwa mdogo zaidi ningemwona mkatili, lakini nilishakuwa na akili ya kumwelewa. Kule kwetu kikongwe anayeonekana njiani alfajiri, kanga imelowa umande, haulizwi anaumwa nini. Watu hujiuliza anatoka kwa nani. Halafu mtoto wa mtu akiugua homa wiki hiyo hiyo, jibu linakuwa limeshapatikana.

"Mambo ya humu ndani yaishie humu ndani," mama aliniambia. "Hata huyo rafiki yako usimwambie."

Aliyejua alikuwa jirani mmoja tu, mama mtu mzima, aliyekuja kukaa na bibi nikiwa shule na mama akiwa kwenye chai. Lakini naye alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na jua likianza kuinama ilibidi aende kuwakamua. Kwa hiyo kulikuwa na kipande cha jioni ambacho bibi alibaki peke yake, mlango umefungwa kwa nje na kamba ya katani, mpaka mama arudi kutoka kupima majani. Kipande hicho ndicho kilikuwa muda wa mazoezi.

Nilimwambia mama nitaacha mpira. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso.

"Hutaacha," akasema. "Na wewe ni mtoto. Kuna saa lazima uwe mtoto."

Basi nikawa nakwenda. Uwanja ulikuwa bondeni, ng'ambo ya kilima kidogo chenye migomba, na kutokea pale nyumba yetu huwezi kuiona. Nilikuwa nakimbia na wenzangu, nakaba, naomba mpira, na muda wote huo kichwani ninayo ile kamba. Imekazwa? Jirani alipotoka alizima moto au kaacha kuni zinafuka? Ukungu ukishuka nilifikiri, sasa hivi hata akitoka hakuna atakayemwona. Mtu akipiga kelele upande wa barabara nilinyanyua kichwa. Na usiku nililala chumba cha mbele, karibu na mlango. Si kwamba bibi alitoka kila usiku. Siku nyingine alilala fofofo mpaka asubuhi. Lakini mimi nililala kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kitu kigumu kueleza ni kwamba mwili wangu haukuuma popote. Nilikula, sikukonda. Darasani nilisoma mstari mmoja, nikafika mwisho wake bila kujua umesema nini, nikaanza upya. Mwalimu aliuliza swali na nilijua jibu, ila lilitokea wakati ameshamwita mwingine. Uwanjani ilikuwa hivyo hivyo. Zamani niliupokea mpira nikiwa na jibu tayari. Sasa ulinifikia ukiwa bado ni swali: nani yuko wapi? Nimpe nani? Nikiwa bado najiuliza, mtu amekwisha kunivamia. Nikaanza kukimbia mara mbili kwa sababu ya kuchelewa mara moja, na ikifika kipindi cha pili nilikuwa nimemaliza kila kitu. Miguu ikawa kama imefungiwa udongo. Nilitembea pale wenzangu walipokimbia, na si kwamba nilikataa kukimbia. Nilijiambia, nenda. Sauti ya kujiambia ilitoka, lakini ilikuwa kama ya mtu anayenena kutoka chumba kingine.

Kocha alisema sina pumzi. Akanipa mlima. Wenzangu wakipumzika mimi nilipanda na kushuka kile kilima cha migomba. Nilipanda. Sikulalamika, na kusema kweli nilikipenda, kwa sababu nikifika juu niliona bati la nyumba yetu na moshi wake, nikatulia kidogo kabla ya kushuka.

Vijana walikuwa na sababu zao. Mmoja alisema ni msichana. Mwingine akasema nimechezewa na watu wa Mpuguso, kwamba si bure, tangu siku ile ya kule sijawa mzima. Beki hakusema lolote, ila aliacha kunipa mpira. Alinitazama, akaona, akaupeleka kwa mwingine.

Jioni moja Kocha alitupanga sote kwenye mstari wa goli, akatoa simu yake kupima muda, akatukimbiza mpaka goli la pili na kurudi. Nilikuwa wa kwanza. Akaturudisha tena, nikawa wa kwanza tena. Akatazama simu, akanitazama mimi, akasugua kidevu.

"Miguu hii ni mizima," akasema. "Sasa unakuwa na nini?"

"Sina kitu, Kocha."

"Nyumbani kwema?"

"Kwema."

Alisubiri. Alikuwa mtu anayejua kusubiri, lakini sikuwa na ruhusa ya kusema, na nilitaka kurudi kabla giza halijaingia. Akaniachia.

Muda si mrefu ikaja habari kwamba kuna watu wa kituo cha kulea vipaji Mbeya watapita wilayani kutazama vijana. Mechi ingechezwa Jumamosi, mjini Tukuyu, timu yetu dhidi ya vijana wa mjini. Kocha alituambia tuoshe jezi na tulale mapema. Mama alinifulia yeye mwenyewe, akaianika jikoni juu ya moto kwa sababu nje haikauki kitu msimu ule. Ikanuka moshi.

Jumamosi alfajiri niliamka nikakuta mlango uko wazi.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya mbuzi. Tulitazamana tu. Yeye alishika njia ya mtoni, mimi nikashika barabara ya Lupepo. Sikuita jina la bibi; kuita kungewaamsha watu. Nilitembea haraka nikichungulia kila upande, kwenye migomba, kwenye mifereji, kwenye chai. Chai ndiyo iliyonitisha zaidi. Ukiitazama kwa juu imelala sawasawa kama godoro, na mtu akianguka katikati ya mistari yake unaweza kupita hatua chache kutoka alipo usimwone.

Nilimkuta jua limekwisha kupanda, ameketi kwenye daraja dogo la magogo, anaosha miguu kwenye maji. Kando yake alisimama kijana wa bodaboda aliyekuwa amemkuta njiani, akaona haya kumwacha. Hakuuliza maswali. Bibi aliponiona alifurahi, akaniita kwa jina la kaka yake, akaniambia tumechelewa, maziwa yataganda.

"Ndaga," nikamjibu bibi. Asante. Sikujua lingine la kusema.

Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Alikuwa mwepesi. Nyumbani mama alimvua nguo zilizolowa, akamfunga blanketi, akaniletea jezi mkononi.

"Nenda," akasema.

"Mama, leo acha."

"Nimeshamshika. Nipo naye mimi. Nenda."

Kwa hiyo nilifika Tukuyu kwa wakati. Sikuwa nimekimbia kutwa, sikuwa nimebeba mzigo. Mtu angenipima kwa namna yoyote asingeona kasoro. Nilivaa njumu zangu, nikapasha mwili moto pamoja na wenzangu. Wageni wa Mbeya walikuwa wawili, wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwavuli, kofia zimeshushwa.

Kipindi cha kwanza nilianza vizuri. Nakumbuka nilimchenga mtu mmoja na watu wa pembeni wakaguna kwa kuridhika. Kisha ukaja mpira wa juu, rahisi, na wakati uko hewani nikamwona bibi miguu majini. Sikumfikiria, nilimwona. Mpira ukagonga bega langu, ukamwangukia mshambuliaji wao, akafunga. Kuanzia hapo sikurudi tena mchezoni. Nilikuwa natazama watu kama unavyotazama watu kupitia dirisha lenye mvuke. Nilimkaba mtu ambaye hakuwa na mpira. Nilipiga pasi nyuma, kipa wetu akaikosa, kidogo ituzamishe. Kipindi cha pili hakikufika mbali, miguu ikagoma kabisa. Mtu wangu alinipita nami nikasimama, mikono kiunoni, namtazama mgongo wake ukienda.

Kocha alinitoa. Nilipokuwa napita mbele ya wale wageni nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, bila ubaya, kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Yule mwembamba mvivu."

Walimchukua beki wa kushoto. Alistahili. Alicheza siku ile kama simba. Alinikumbatia akilia kwa furaha, nami nikamkumbatia, na wiki ile ile akaondoka na begi la shule lililojaa nguo. Aliichezea timu ya vijana kule misimu kadhaa kabla hajaacha mpira na kushika udereva. Hatujawahi kuzungumza juu ya mechi ile.

Sikwenda mazoezini baada ya hapo. Siku ya tatu au ya nne Kocha akaja nyumbani. Niliisikia pikipiki tangu mbali, na nilijua kwa mlio wake kwamba amekasirika. Nilikuwa nje, nimemketisha bibi kwenye mkeka, namlisha ndizi zilizopondwa na maharage. Hakukuwa na muda wa kumficha.

Kocha alikuja na maneno yake yote tayari. Niliyaona usoni. Akamwona bibi, kijiko mkononi mwangu, kile kitambaa nilichomfunga shingoni.

Bibi ndiye aliyeanza. Alimwuliza kwa Kinyakyusa kama ng'ombe wamerudi.

Kocha alichutama, akamjibu kwa Kinyakyusa kwamba wamerudi wote, wako zizini, hata yule mwenye pembe iliyovunjika. Bibi akashusha pumzi. Akamshika mkono, hakuuachia, na Kocha akalazimika kuketi hapo hapo kwenye mkeka, buti zake za kazi zimenyooka mbele.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilianza na jina la kaka yake bibi, nikamweleza kamba ya mlangoni, nikamweleza ile Jumamosi. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa mtu, na nilipokuwa nasema nilisikia usingizi, usingizi mzito wa ghafla, kana kwamba ningeweza kulala pale pale na kijiko mkononi.

Kocha aliinua macho akatazama kilima cha migomba. "Mimi nikakupandisha mlima," akasema. Kisha akasema tena, taratibu, "Mtoto kichwa kinamlemea, mimi nampandisha mlima."

Alisubiri mpaka mama arudi. Mama alipoiona pikipiki uani alisimama njiani na kapu lake, uso umebadilika. Kocha akainuka kumpokea kapu.

"Shikamoo, mama," akasema, ingawa walikuwa karibu rika moja.

"Marahaba." Mama alinitazama mimi, si yeye. "Umeona basi, Kocha. Naomba yakae kwako."

"Nimeona. Lakini nina neno moja, unisamehe. Kinachofichwa ndicho watu hukitungia maneno. Mzee huyu akionekana kila jioni ameketi kiwanjani, amevaa sweta lake, anatazama watoto wakicheza, nani atasema kitu? Watamzoea. Na huyu kijana wako atakuwa anamwona."

Mama alichukua kapu lake. Aliingia ndani akawasha moto. Lakini mazoezi yaliyofuata, nilipotoka shule, nilikuta kiti cha mbao cha sebuleni kimetolewa nje na blanketi limekunjwa juu yake.

Tukamketisha bibi karibu na mstari, pale ambapo mpira haufiki kwa nguvu. Wachezaji walikuja mmoja mmoja kumsalimia, "Ugonile," wameinama na viatu mkononi, naye akawaitikia wote kwa majina ya watu waliokufa. Mpira ulipotoka nje alipiga kelele kwamba ng'ombe wameingia kwenye maharage. Vijana walicheka mpaka wakaketi chini. Baadaye ikawa ndiyo lugha yetu. Mtu akitoa mpira ovyo, mwingine anasema ng'ombe hao, kwenye maharage. Na watu waliopita njiani walisimama, wakamsalimia, wakaendelea na safari zao. Hakuna aliyesema lolote kwa sikio langu. Mama alikuwa ameibeba hofu ile miezi mingi, na sehemu yake kubwa iliyeyuka kwenye kiti kile.

Sikupona siku hiyo. Kwanza nilichoweza ni kumtazama tu: nageuka, yupo, nageuka tena, yupo. Lakini kugeuka kule kulikuwa kugeuza shingo, na jioni moja niligundua kwamba nikimtafuta yeye nawaona na wengine. Winga yuko peke yake kule. Mtu anakuja nyuma yangu. Mpira ukaja, na jibu lilikuwepo. Ilikuwa pasi fupi tu, haikuzaa goli. Kocha alipiga filimbi bila sababu, akasimamisha mazoezi, akatembea kidogo peke yake, kisha akatuambia tuendelee.

Tulicheza na Mpuguso tena, safari hii kwetu, na nilicheza mpaka mwisho nikiwa bado na mbio. Sijui hata nieleze vipi nilivyofurahi. Miguu ilikuwa ile ile, chakula kile kile.

Kisha ikaja baridi. Anayejua Tukuyu ya mwezi wa sita na wa saba anajua nasema nini. Ukungu haukunyanyuka mpaka mchana, na bibi akaanza kukohoa. Tukaacha kumtoa nje. Kifua kikajaa, mama akampeleka hospitali, akalala naye kule. Asubuhi moja nilikwenda na chupa ya uji. Nilimkuta mama ameketi kwenye benchi la nje ya wodi, viatu amevua, ameviweka sawasawa pembeni. Alipokea chupa, akaifungua, akaifunga tena.

Msiba ulijaa watu, kama misiba ya kwetu inavyojaa. Baba alikuja kutoka Chunya, akalia kwa sauti kubwa, akawapita watu akienda kaburini bila kumtazama mama. Timu nzima ilikuja kuchimba. Walivua mashati wakapokezana majembe kwenye udongo mweusi, na Kocha naye akashuka shimoni pamoja nao, anachimba kama amegombana na ardhi. Mimi waliniambia niketi. Wazee wa kanisa waliimba. Watu walimsifu mama kwa kumtunza mkwewe, na yeye aliitikia kwa kichwa, midomo imekauka.

Nilifikiri basi sasa kichwa changu kimeachiwa huru. Ni jambo baya kulifikiri msibani, lakini lilikuja lenyewe. Hakuna tena kamba, hakuna mlango wa kusikiliza. Nitalala, nitaamka, nitacheza.

Haikuwa hivyo. Nililala chumba kile kile cha mbele na niliamka saa zile zile. Uwanjani niligeuza shingo, na pale nilipozoea kuona sweta palikuwa na nyasi. Kila nilipogeuka jicho lilikwenda hapo kwanza, na wakati jicho liko hapo mchezo ulinipita. Miguu ikaanza tena kuwa mizito. Kocha hakunipandisha mlima. Alinipumzisha, akaniita, akanipumzisha tena. Alijaribu kunichezesha nyuma, ambako hakuna haja ya kufikiri haraka sana. Mvua za masika zilipoanza nilimrudishia jezi. Aliipokea, akaikunja, akasema, "Milango ipo wazi." Bado anafundisha vijana pale, ameongezeka mvi, na mchezaji wake akizembea namwona anamvuta pembeni, wanakaa chini kwanza.

Sasa ninashughulika na maparachichi, kuyakusanya kwa wakulima na kuyapeleka kwa wanaoyapakia. Mama ameacha kuchuma chai, mgongo ulikataa. Mwaka jana, siku ya mvua, tulikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo, redioni mtu anatangaza mpira wa ligi. Mama alisikiliza kidogo, kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mji asioufahamu:

"Hivi wewe ulikuwa unacheza wapi?"

"Bondeni pale, mama. Kiwanja cha shule."

"Hilo najua. Nauliza ndani ya kiwanja. Ulikuwa unasimama wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuniona nikicheza hata siku moja. Jioni zote zile alikuwa kwenye chai, au njiani anarudi, au hospitali. Nilichukua maharage kutoka kwenye ungo, nikayapanga kwenye sakafu: huyu kipa, hawa mabeki, hawa wa mbele. Nikaweka moja jekundu katikati.

"Hapa. Namba nane."

Aliinama akalitazama. "Katikati ya watu wote."

"Ndiyo."

"Na mpira unatoka wapi?"

Nikamwonyesha. Nikasogeza maharage, huyu anampa huyu, mimi ninapokea, ninageuka. Alifuatilia kwa makini, paji la uso limekunjika. Aliuliza kwa nini huyu wa pembeni hakabwi. Nikamweleza. Aliuliza kama kukimbia kote huko hakukunichosha, nami nikamwambia hapana, kukimbia hakukunichosha.

Akaitikia. Mtangazaji alipiga kelele, mtu kafunga huko Dar es Salaam. Mama akangoja kelele ziishe, kisha akaokota maharage yote moja moja, akayapuliza vumbi, akayarudisha kwenye ungo, kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.